Maji ya Birimbi

Maji ya kisima cha mtaa wa Bofu ni ya chumvi. Yakimwagika sakafuni na kukauka huacha utando mweupe, na utando huo ukiachwa miaka unakuwa gamba gumu ambalo hata kisu hakiling'oi. Bafu la kina Jalila lilikuwa na gamba hilo kila pembe. Mamake, Bi Nyamvula, alikuwa mtu wa usafi, na bafu lile lilimwaibisha mbele ya wageni, lakini dawa kali za madukani zilikuwa zimemshinda. Chupa ikifunguliwa tu, kifua kinambana, pumzi inaanza kupiga mluzi, na Jalila anakimbia chumbani kuleta pampu ya pumu iliyokaa chini ya mto. Mwishowe Bi Nyamvula alipiga marufuku klorini na jamaa zake wote. Kwa miaka mingi hakuna chupa ya aina hiyo iliyovuka mlango wa nyumba ile.

Kwa hiyo Jalila aliporudi nyumbani na shahada yake ya kemia, na kazi aliyoitafuta Changamwe na mjini isipatikane, hakuanza na ndoto ya biashara. Alianza na bafu la mamake. Alitaka dawa ambayo mamake angesugulia sakafu yake mwenyewe huku akivuta pumzi kama watu wengine.

Uani kulikuwa na mbirimbi. Mti huo hauna subira. Huzaa kwenye shina lenyewe, matunda yakaning'inia kwa vishada kama vidole vya kijani, yakaiva yote kwa pamoja. Majirani huchuma ya kutia achari, na yanayobaki huanguka, yakaoza, inzi wakajaa. Kila mwanamke wa Bofu anajua kwamba birimbi linang'arisha sinia ya shaba. Jalila akajiuliza mbona hakuna aliyewahi kulijaribu kwenye vigae.

Aliyatwanga kwenye kinu, akayakamua kwa kitambaa, akayaacha maji yatulie, akachuja tena. Mama yake mdogo, Sabah, alikaa kwenye mbuzi akikuna nazi na kumtazama. Sabah hakuwa na mume wala mtoto. Mama yao alipofariki yeye akiwa bado anatambaa, dada yake Nyamvula ndiye aliyembeba mgongoni, akamlea, akamsomesha, na baada ya ndoa ya Sabah kuvunjika akamrudisha nyumbani bila kumuuliza neno.

"Haitoi povu," Sabah alisema.

"Povu si lazima, mamdogo."

"Kitu cha kuoshea kisichotoa povu ni maji, mwanangu. Maji tunayo."

Jalila alifikiri kidogo. "Basi nitatia majani ya mkunazi. Yakitwangwa yanatoa povu kama sabuni."

Sabah aliacha kukuna. "Mkunazi? Huu huu wa kuoshea maiti?"

"Ni majani tu."

"Dada! Ewe dada! Njoo umsikie huyu mwanao. Ataka kutuosha tungali hai!"

Bi Nyamvula alicheka huko chumbani mpaka akakohoa. "Mwambie aanze na wewe," alijibu. "Mimi bado nina wali jikoni."

Mkunazi ukaachwa. Dawa ikabaki bila povu, na harufu yake ilikuwa ndogo tu, ya kitu kichachu kilichokatwa sasa hivi. Siku ya kwanza Bi Nyamvula aliingia nayo bafuni, akakaa kwenye kigoda, akashika kumbi la nazi, akasugua. Jalila alisimama nje ya mlango akisikiliza. Alisikia kumbi likikwaruza, maji yakimwagwa, kumbi likikwaruza tena. Hakusikia kikohozi.

"Jalila!"

"Abee, mama!"

"Njoo uone. Vigae hivi ni vya buluu! Mie nilikuwa nimesahau kabisa kwamba babako alinunua vya buluu."

Alikuwa amelowa mpaka kiunoni, leso imemganda miguuni, na anatabasamu kama bibi harusi. Jalila aligeuka upande ili mamake asimwone akilia.

Baada ya hapo majirani walianza kuja na chupa tupu. Jalila aliwauzia kwa bei ndogo, na akabandika kila chupa karatasi aliyoiandika kwa mkono wake: *Imetengenezwa kwa mimea. Haimdhuru mtu.* Aliipenda sentensi hiyo. Aliamini kwamba mtaa wote ungeweza kusafishwa kwa vitu vilivyokuwa vikioza chini ya miti yao, bila mtu kuchomwa mikono wala kubanwa kifua, na maji machafu yakateremka hadi baharini bila kuua kitu.

Malalamiko yalikuwa hayohayo kila siku. Wairimu, aliyekuwa na kibanda cha chapati karibu na msikiti, ndiye aliyeyasema bila kuzunguka.

"Jalila, hii dawa yako ni poa, sikatai. Lakini haina nguvu. Mimi nikiosha choo nataka mtu akipita huko barabarani ajue choo imeoshwa."

"Lakini imetoka safi au haikutoka?"

"Imetoka. Lakini haijulikani!"

Wanawake waliokuwa wakingoja chapati walicheka. Sabah, aliyekuwa miongoni mwao, hakucheka. Alikasirika kwa niaba ya mpwa wake. Njia nzima ya kurudi alinung'unika kwamba watu wa siku hizi wanapima usafi kwa pua, na kwamba siku moja Bofu nzima itamjua Jalila ni nani.

Siku hiyo ikakaribia. Kikundi cha akina mama wa Mwakirunge kilisikia habari za maji ya birimbi, kikaomba kuja kuona yanavyotengenezwa. Kwao mibirimbi ilikuwa mingi, na walitaka kazi. Bi Nyamvula alipika pilau tangu asubuhi. Jalila alivuka feri kwenda kuwapokea wasije wakapotea. Sabah alibaki kusafisha.

Simu ilimkuta Jalila kwenye kivuko, akiwa amezungukwa na wageni wenye vikapu vya mabirimbi waliyomletea zawadi. Sauti ya Sabah haikuwa na maneno, ilikuwa kilio tu. Baadaye jirani mmoja akaichukua simu na kusema Bi Nyamvula ameanguka bafuni, wamempakia kwenye tuktuki, wako njiani kwenda hospitali.

Alikata roho njiani. Daktari aliuliza kama marehemu alikuwa na pumu, akaambiwa ndiyo, ya tangu utotoni. Akatikisa kichwa kwa huruma na kuandika alichoandika. Watu wakasema siku yake ilikuwa imefika. Akazikwa jua halijatua, na wale wanawake wa Mwakirunge, ambao hawakuwahi kumwona akiwa hai, walikaa jamvini na kumlilia pamoja na wenyeji.

Siku ya hitima, uani kulijaa wanawake wakiosha masufuria. Jalila alikuwa akipanga sahani karibu na mlango wa jiko. Macho yake yalikuwa yamevimba na hakuwa akisikiliza maneno ya mtu. Wairimu, leso imefungwa kichwani kwa heshima ya msiba, alitoka bafuni akikung'uta mikono.

"Ile bafu yenu jamani! Inang'aa kama ya hoteli. Ni ile dawa ya Jalila?"

"Ndiyo hiyo," Sabah alijibu. Sauti ilikuwa imemkauka, lakini kutajwa kwa Jalila kulimtia nguvu kidogo. "Mwaiita haina makali. Makali unaitilia mwenyewe. Changanya na klorini, ile ya kufulia nguo nyeupe. Mimina, funga mlango, iache ishike. Utaona moshi wake wenyewe unakuchoma macho. Basi hapo gamba lote latoka."

"Kumbe!" mmoja alisema. "Mbona hukutwambia mapema?"

"Mwenyewe nilijaribu mara ya kwanza siku ile. Wageni walikuwa waja. Nilitaka wakiingia liwapige macho, waseme kweli huyu mtoto ana dawa." Alifuta pua kwa pembe ya leso. "Nikanunua kichupa, nikakificha, maana dada angenifukuza. Nikasema nifunge mlango, harufu itakwisha kabla hajaingia. Nilikuwa hapa nje nakatakata kachumbari. Sikumwona akienda kutawadha. Nilipomkuta mlango uko wazi na harufu imeshapungua, nikajua ni pumu yake tu. Wallahi hata bafu lenyewe hakuwahi kulisifu."

Wanawake walisema masikini, masikini. Wengine wakaanza kulia upya. Sahani ikamponyoka Jalila.

Hakuna mwingine aliyejua alichokijua. Maji makali ya birimbi yakikutana na klorini, hutoka hewa nzito yenye sumu. Mtu mzima wa afya akiivuta hukohoa, machozi yakamtoka, akakimbia nje. Mtu mwenye pumu, kwenye bafu dogo lisilo na dirisha, hana pa kukimbilia. Jambo hilo Jalila alifundishwa mwaka wa kwanza wa chuo. Hakuwahi kulisema nyumbani, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na klorini, na kwa majirani pia hakulisema, kwa kuwa alishughulika mno kuwaambia kwamba dawa yake haimdhuru mtu.

Alimtazama mama yake mdogo akiosha sufuria la pilau. Mabega yake yalikuwa yameanguka. Tangu mazishi hakuwa amekula isipokuwa chai.

"Msichanganye," Jalila alisema. Sauti ilitoka ndogo. "Jamani, msichanganye na kitu."

"Haya, daktari," mwanamke mmoja alimjibu kwa upole, kama mtu anavyomjibu mfiwa, na mazungumzo yakaendelea.

Matanga yalipoanuliwa, Jalila alianza kupita nyumba kwa nyumba peke yake. Alisalimia, akapokea pole, kisha akasema wasitie klorini kwenye maji ya birimbi. Walimuuliza sababu. Alisema inaharibu dawa. Walicheka. Mamako mdogo amesema inaitengeneza, wakamjibu, na tumeona kwa macho yetu bafu lenu. Mama mmoja mzee alimshika kidevu. "Mwanangu, una majonzi. Nenda kapumzike. Biashara itakungoja."

Alijua angeweza kuwaambia jambo moja tu, lililomuua mamake, wakaamini papo hapo. Na jambo hilo lingefika kwa Sabah kabla yeye hajarudi nyumbani, kwa kuwa Bofu habari hazilali. Usiku na mchana aliwaza jinsi ya kulisema kwa nusu. Labda aseme mtu fulani, mahali fulani. Labda aache kuuza, chupa zilizoko ziishe zenyewe, na Sabah aishi maisha yake yote akidhani dada yake alichukuliwa na pumu kama watu walivyosema. Kuna ubaya gani mtu kuachiwa amani yake? Wazo hilo lilimpumzisha kwa siku chache.

Kisha Wairimu akamwita kibandani. Alikuwa na uso wa mtu aliyeugua.

"Jalila, hebu niambie ukweli. Ile kitu ya auntie yako nilijaribu jana. Aki nilidhani nakufa. Nilitoka kwa choo nikitambaa. Kifua inauma mpaka saa hii. Na shemeji yangu anakuja wiki ijayo na mtoto, wa miezi tu, na huyo mtoto ndio atakuwa akioshwa huko ndani."

"Umeimwaga?"

"Bado. Si nimelipia? Nilisema labda nilizidisha."

Jalila alimsihi aimwage yote, nje, mbali na watu, akaondoka mbio bila kuaga. Alipofika nyumbani alimkuta Sabah chumbani, ameketi sakafuni kati ya nguo za marehemu. Alikuwa akizikunja ili zigawiwe watu, kama inavyopasa. Leso za Bi Nyamvula alikuwa ameziweka jozi kwa jozi.

"Hizi za zambarau mpe Mama Mwarandu," Sabah alisema bila kugeuka. "Alimwosha kwa mikono mizuri. Hii nataka nibaki nayo mimi, ukiniruhusu."

"Mamdogo."

"Si lazima. Kama waitaka wewe, chukua."

"Mamdogo, nina neno." Jalila aliketi mbele yake. Alimshika mikono yote miwili, ambayo bado ilikuwa na mabaka meupe ya klorini. Alikuwa amepanga maneno njiani, yote yakampotea. Akasema tu, kwa maneno ya kawaida, kwamba birimbi na klorini zikichanganywa hutoa sumu. Kwamba mtu mwenye pumu hawezi kuihimili. Kwamba siku ile sumu hiyo ilijaa bafuni.

Sabah alimtazama. Mwanzo ilikuwa kama hakusikia. Midomo yake ilicheza kidogo, akahesabu kitu ndani kwa ndani: kichupa, mlango, kachumbari.

"Nilifunga mlango," alisema.

"Hukujua."

"Nilifunga mlango ili ishike. Ikamngoja ndani."

"Hukujua, mamdogo. Mimi ndiye niliyejua. Mimi ndiye niliyepaswa kusema, na sikusema."

"Alinibeba mgongoni," Sabah alisema. "Wajua hilo? Alikuwa mtoto mwenyewe. Watu wakimwambia, mwache huyo alale chini, ucheze. Akakataa."

Hakulia. Jalila aliogopa zaidi kwa sababu hiyo. Alimsogelea akamkumbatia, na mwili wa mama yake mdogo ulikuwa mgumu kama ubao. Wakakaa hivyo mpaka adhana ya alasiri ikaisha. Nje, birimbi moja liliangukia bati la jiko, kisha jingine.

"Mbona umeniambia?" Sabah aliuliza mwishowe. Halikuwa swali la hasira. Alitaka kujua kweli. "Ungeniacha nife nalo bila kulijua."

"Nilitaka kukuacha. Wallahi nilitaka. Lakini wanaifanya, mamdogo. Nyumba nyingi. Nimewakataza hawanisikii. Wairimu karibu afe jana. Kuna mtoto mchanga anakuja kwake."

Sabah aliziweka leso chini. Aliinuka kwa kujishika ukutani, akavaa buibui lake, akajifunga mtandio.

"Wewe hawakusikii kwa kuwa wewe ni mtoto wao," alisema. "Twende."

"Si leo, mamdogo. Kesho. Hebu kwanza ule kitu."

"Kuna mtu anaosha choo sasa hivi, Jalila."

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mama Mwarandu. Sabah alikataa kuketi. Alisema akiwa amesimama mlangoni, macho yakiwa kwenye kizingiti, kwamba yale aliyowafundisha siku ya hitima ni sumu, na kwamba hiyo ndiyo iliyomuua Nyamvula. Mama Mwarandu alijishika kifua.

"Usiseme hivyo, Sabah. Ni mapenzi ya Mungu."

"Ni mapenzi ya Mungu, na ni mkono wangu. Kaimwage."

Ya pili wakamkuta binti wa nyumba peke yake, akalia kwa hofu. Ya tatu mwenye nyumba aliuliza maswali mengi, mengine ya kuumiza, na Sabah akayajibu yote moja baada ya jingine, na Jalila akasimama nyuma yake akitamani ardhi immeze. Watu walianza kuchungulia madirishani. Mtoto mmoja alikimbia mbele yao kupeleka habari.

Kwa Wairimu palikuwa na wateja. Mafuta yalikuwa yakichemka kwenye kikaango na watu wakingoja. Sabah alifungua mdomo na sauti haikutoka. Akajaribu tena. Akainua mkono kama mtu anayeomba angojewe kidogo, na mkono ule ukabaki hewani.

Jalila akapita mbele.

"Chupa ni yangu," alisema, kwa sauti ya kusikika hadi msikitini. "Niliandika haimdhuru mtu, na nilijua inaweza kumdhuru ikichanganywa, na sikuwaambia. Mama yangu mdogo hakujua. Mamangu amekufa kwa sababu sikusema. Leo tumekuja kusema."

Wairimu alizima jiko. Aliifuta mikono yake kwa aproni muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akazunguka meza, akampisha Sabah kwenye benchi, akaondoa sufuria ili pawe na nafasi.

"Keti, mama," alisema. "Keti tu. Mimi naenda kuimwaga."

Sabah hakuketi. Aliushusha mkono wake polepole, akampa Jalila aushike, akatazama mtaa ulivyoteremka kuelekea upande wa kisima, mlango baada ya mlango, nguo zimeanikwa, watoto wanacheza.

"Kwa kina Nadira waliinunua?" aliuliza.

"Waliinunua."

"Basi twende."

Wakateremka. Njiani Sabah alilia kwa mara ya kwanza tangu aambiwe, bila sauti, huku akitembea, na hakujifuta. Walipofika kwa kina Nadira, Jalila alimngoja apumue. Kisha Sabah akapiga hodi.